Tetemeko la ardhi halijui mpaka: Wafanyabiashara na wasafirishaji wajiandae vipi?

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, ardhi ilitikisika mkoani Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania. Kitovu cha tetemeko hilo hakikuwa mbali na Nsunga, karibu na mpaka wa Uganda, na ukubwa wake ulikuwa 5.9. Watu 17 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka na maelfu nyingine zikabaki na nyufa. Mtikisiko ulisikika pia Uganda, Rwanda, Burundi na Kenya.

Kagera ni mkoa wa mipaka. Malori ya Uganda hupita Mutukula, ya Rwanda hupita Rusumo, na ya Burundi hupita Kabanga. Kahawa, maharage, ndizi na sukari hutoka au hupita humo kila siku. Kwa hiyo ukuta ulioanguka Bukoba ulimgusa pia mnunuzi aliyesubiri mzigo upande wa pili, mwenye lori aliyekwama na benki iliyokopesha.

Jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani ni kwamba, kwa vipimo vya wataalamu, tetemeko la Bukoba halikuwa kubwa. Lilikuwa la wastani tu. Ukanda huu umewahi kupata makubwa zaidi, na hakuna sababu ya kuamini kuwa hayatarudi. Swali linalomhusu mfanyabiashara ni moja: likija kubwa, biashara yake itasimama tena baada ya wiki ngapi? Jibu linategemea zaidi mambo aliyoyafanya kabla ya siku hiyo kuliko msaada utakaofika baadaye.

Kwa nini ukanda huu hutikisika

Afrika Mashariki imekaa juu ya Bonde la Ufa. Ganda la dunia katika eneo hili linaachana polepole, milimita chache kwa mwaka. Mkono wa magharibi wa bonde hilo unapita katika ziwa Albert, Edward, Kivu, Tanganyika na Rukwa hadi ziwa Nyasa. Mkono wa mashariki unatoka Ethiopia, unapita Kenya na kuingia kaskazini mwa Tanzania. Miamba inapovutwa kwa miaka mingi bila kuachia, nguvu hulimbikizwa. Siku ikiachia kwa ghafla, ndipo ardhi hutikisika.

Ukitazama ramani utaona kuwa mkono wa magharibi ndiyo mipaka yenyewe: Uganda na Kongo, Rwanda na Kongo, Burundi na Kongo, Tanzania na Kongo, Tanzania na Zambia, Tanzania na Malawi. Vituo vingi vya forodha ambavyo wafanyabiashara wanavitegemea viko juu au kando ya ufa huo. Bukoba yenyewe iko kati ya mikono miwili, jambo linaloonyesha kuwa hata aliye mbali kidogo na bonde hayuko salama kabisa.

Kumbukumbu zipo. Machi 20, 1966, tetemeko la Toro lilipiga mpaka wa Uganda na Kongo na kuua watu zaidi ya 100. Desemba 5, 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga eneo la ziwa Tanganyika karibu na Kalemie na kusikika hadi Nairobi. Februari 3, 2008, siku ya Jumapili, ardhi ilitikisika karibu na Bukavu. Zaidi ya watu 30 walikufa upande wa Rwanda, baadhi yao wakiwa kanisani.

Lililotajwa kuwa kubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki kwa karne ya 20 lilitokea Rukwa, Desemba 13, 1910. Ukubwa wake ulikuwa 7.4. Kila hatua moja kamili ya kipimo huongeza nguvu inayotolewa kwa takriban mara 32. Kwa hesabu hiyo, tetemeko la Rukwa lilitoa nguvu ya karibu mara 180 ya lile la Bukoba. Mwaka 1910 eneo lile lilikuwa na watu wachache na majengo machache ya kuanguka. Leo kuna mji wa Sumbawanga, kuna bandari ya Kasanga, na upande wa kusini kuna Tunduma, ambako foleni ya malori yaendayo Zambia na Kongo haikatiki.

Hakuna mtaalamu yeyote duniani anayeweza kutaja siku na saa ya tetemeko lijalo. Ujumbe wa simu unaosema kuwa litapiga kesho saa fulani ni uvumi, na haufai kufunga duka wala kusambazwa.

Hasara tatu, moja tu ndiyo inayoonekana

Baada ya tetemeko watu huhesabu kuta zilizoanguka. Kwa mwenye biashara hiyo ni hasara ya kwanza tu. Ya pili ni mapato yanayokosekana wakati biashara imefungwa. Ya tatu ni madai yanayopotea: fedha alizokopesha wateja, risiti za mzigo ulioko njiani, na nyaraka za forodha.

Chukua mfano wa kufikirika wa mfanyabiashara wa maharage mpakani. Ana mzigo wa shilingi milioni 30 ghalani, mkopo wa milioni 12 benki, na wateja anaowadai milioni 10. Madeni yote yameandikwa katika daftari moja linalokaa dukani. Ukuta unaanguka, mvua inaingia, theluthi ya mzigo inaharibika: milioni 10 zimekwenda. Ghala linafungwa wiki sita. Kama faida yake kabla ya kutoa kodi na mishahara ni shilingi 900,000 kwa wiki, anakosa milioni 5.4, huku mwenye nyumba na vibarua wakiendelea kumdai. Daftari limefukiwa. Kwa kumbukumbu za kichwani anafanikiwa kukusanya nusu ya madeni, nyingine milioni 5 zinapotea.

Jumla ni milioni 20.4. Zaidi ya nusu ya hasara hiyo haionekani kwenye kifusi, na wala mkaguzi wa maafa hataiandika. Lakini mkopo wa milioni 12 uko palepale.

Hasara ya tatu ndiyo rahisi kuizuia. Kupiga picha kurasa za daftari kila Jumamosi na kuzituma kwa ndugu au mshirika aliye mji mwingine hakugharimu kitu. Leseni, mkataba wa pango, hati ya bima, kadi ya lori na namba za simu za wateja vifanyiwe vivyo hivyo. Anayetunza kumbukumbu zote katika simu moja naye yuko katika hatari ileile ya mwenye daftari moja.

Msaada wa serikali una kikomo

Wapo wanaodhani kuwa maafa yakitokea serikali italipa. Kagera ilitoa fundisho. Serikali, wahisani na nchi jirani, zikiwemo Kenya na Uganda, walichangia. Shule ya sekondari Ihungo iliyobomoka ilijengwa upya. Lakini Januari 2017, Rais John Magufuli akiwa Bukoba aliwaeleza wakazi wazi kuwa serikali haitamjengea kila mwathirika nyumba yake. Kipaumbele kilikuwa miundombinu ya umma.

Mtu anaweza kulipenda au kulichukia jambo hilo, lakini kiuchumi halishangazi. Fedha za maafa huelekezwa kwanza kwenye kuokoa maisha, kisha hospitali, shule na barabara. Maharage ya mtu binafsi hayamo kwenye orodha hiyo. Mwenye biashara ajihesabu kuwa mlipaji wa kwanza wa hasara yake.

Ghala na duka: wapi pa kuanzia

Tetemeko lenyewe huua watu wachache sana. Wanaoua ni kuta na vitu vinavyoanguka. Nyumba zilizoumia zaidi Kagera zilikuwa za matofali ya udongo, au ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo badala ya saruji, bila nguzo wala linta ya kuzunguka.

Anayejenga ghala jipya azingatie haya: msingi ulio imara, nguzo za zege zenye nondo kwenye kila kona, na mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka jengo zima juu ya milango na madirisha. Linta iliyokatika katikati haisaidii sana. Mbao za paa zifungwe kwenye mkanda huo kwa nondo au mabati ya kufungia, zisikae tu juu ya ukuta. Ukuta wa pembetatu unaobeba paa ndio huanguka mapema. Ni heri sehemu hiyo izibwe kwa bati au mbao nyepesi.

Majengo ya ghorofa yenye maduka chini yana udhaifu wake. Ili kupata milango mipana, mafundi huondoa kuta za chini na kuacha nguzo nyembamba zikibeba uzito wote wa juu. Ardhi ikienda pembeni, nguzo hizo ndizo huvunjika kwanza. Anayepanga fremu katika jengo la namna hiyo ana haki ya kumuuliza mwenye nyumba nani alilichora na nani alilikagua.

Kwa mpangaji asiyeweza kubadilisha jengo, zipo kazi za siku moja. Magunia yapangwe kwa kupishana kama matofali, yasipande juu kuliko kimo cha mtu pale ambapo vibarua hupita, na yawe juu ya chaga ili maji yasiyafikie. Rafu zifungwe ukutani au kwenye mhimili wa paa. Vitu vizito na chupa vikae chini. Mitungi ya gesi ifungwe kwa mnyororo ikiwa imesimama. Mafuta, viuatilifu na mbolea visikae pamoja. Njia ya kwenda mlangoni isizibwe na mzigo hata siku ya mzigo mwingi, na kila mfanyakazi ajue mahali pa kuzimia umeme.

Bima: soma vifungu kabla ya kulipa

Wafanyabiashara wengi wenye bima huamini wamekingwa na kila kitu. Bima ya kawaida ya moto kwa jengo na mali hulipa hasara ya moto na radi. Tetemeko la ardhi mara nyingi ni nyongeza inayoombwa na kulipiwa ada ya ziada. Asiyeiomba hana kinga hiyo, hata kama amelipa ada miaka kumi mfululizo.

Kwa shehena inayotoka nje, vifungu vya London vinavyotumiwa na makampuni mengi viko vya aina tatu. Aina A ndiyo pana. Aina B inataja tetemeko la ardhi miongoni mwa majanga yanayolipwa. Aina C, ambayo ni nafuu na hupendwa kwa sababu hiyo, haina tetemeko. Anayeagiza kontena kupitia Dar es Salaam au Mombasa akiwa na aina C ajue kuwa akiba aliyopata kwenye ada ameilipia kwa hatari. Aulize pia kinga inaishia wapi: bandarini au kwenye ghala lake.

Kwa wenye malori, kadi ya njano ya COMESA hulipa madhara kwa mtu wa tatu katika nchi unayopita. Kwa yenyewe hailipi lori lako lililofukiwa na udongo wala mzigo uliomo. Hizo ni bima nyingine, na kila moja isomwe kuona kama tetemeko na maporomoko ya ardhi yametajwa.

Maswali matatu kwa wakala wa bima yanatosha: Je, tetemeko limo? Sehemu ya hasara nitakayobeba mwenyewe ni kiasi gani? Je, biashara ikifungwa kwa wiki sita kuna malipo? Majibu yatolewe kwa maandishi.

Njia mbadala na mzigo wenye lakiri

Kutoka Mutukula kwenda Bukoba lazima uvuke mto Kagera kwenye daraja la Kyaka. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja hilo, na eneo lote la kaskazini mwa mto likakatika na Bukoba. Daraja likipasuka kwa tetemeko, matokeo kwa msafirishaji ni yaleyale. Rusumo nako barabara inategemea daraja juu ya mto huohuo.

Barabara si lazima ikatwe na mtikisiko wenyewe. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, tope la moto liliifunga barabara ya Goma kwenda Rutshuru, na matetemeko yaliyofuata yakapasua majengo Goma na Rubavu. Mizigo ya kaskazini ilikwama bila onyo. Katika milima ya Kivu, Rwanda na Burundi, maporomoko ya udongo ni hatari ya kuongeza juu ya madaraja, hasa masika.

Wasafirishaji wanajua namna ya kuzunguka. Gatuna ilipofungwa kwa malori kuanzia Februari 2019 hadi ilipofunguliwa tena Januari 2022, malori mengi yalihamia Kagitumba. Lakini waliohama bila hasara kubwa ni wale waliokuwa na mikataba inayosema nani analipa kilomita za ziada. Kila mwenye lori awe na njia ya pili iliyoandikwa, pamoja na makadirio ya mafuta na posho za dereva, na mkataba wake utaje maafa kama sababu halali ya kuchelewa. Kwa mizigo ya Kagera, meli kati ya Mwanza na Bukoba ni njia nyingine, mradi gati liwe limekaguliwa.

Mzigo ulio chini ya dhamana ya forodha una sheria zake. Unabaki kuwa deni kwa mwenye dhamana hadi forodha iridhike umefika au umeharibika kweli. Kwa hiyo dereva asikate lakiri kwa nia njema ya kuokoa mali. Awasiliane kwanza na wakala wake na kituo cha forodha kilicho karibu, apige picha za lakiri, namba za gari na mahali alipo, na aombe maelezo ya maandishi kutoka polisi au ofisa wa forodha. Njia mbadala nayo iombewe ruhusa, kwa sababu lori lenye lakiri ya kielektroniki likiacha njia iliyopangwa huonekana kama la magendo. Maisha ya watu yakiwa hatarini ni jambo jingine, na hapo hakuna wa kuuliza lakiri kwanza.

Soko zima lijiandae, si duka moja

Katika saa za mwanzo baada ya tetemeko, waokoaji wakubwa huwa ni watu waliopo pale pale. Vikosi vya kutoka mji mkuu hufika baadaye. Mpakani watu hao ni wachukuzi, bodaboda, mama lishe, mawakala wa forodha, wabadilisha fedha na madereva. Hapo wasafirishaji wana kitu ambacho wengine hawana. Jeki ya lori huinua zege. Minyororo na kamba huvuta nguzo. Malori hubeba majeruhi, maji na mahema. Vifaa hivyo vipo tayari kwenye kila foleni, na kinachokosekana ni mpango.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, inayotambua kamati za maafa kuanzia ngazi ya kijiji. Chama cha wafanyabiashara wa soko kina haki ya kuuliza kama kamati ya kata yake ipo na kuomba kiti. Upande wa pili wa mpaka, vyama vifanye vivyo hivyo kwa taratibu za nchi yao, kisha viongozi wa pande mbili wapeane namba za simu. Siku ya maafa ni vigumu kutafuta nani wa kumwomba geti lifunguliwe kwa gari la wagonjwa.

Mambo machache yanatosha kuanza: uwanja mmoja wa kukusanyikia usio chini ya nyaya za umeme, orodha ya waliopo kila safu ya maduka, watu wawili wa kuzima umeme wa soko, watu waliofundishwa huduma ya kwanza, stoo ndogo yenye mitaimbo, nyundo, majembe, machela, tochi na maji, na zoezi la nusu saa mara mbili kwa mwaka. Fedha taslimu kidogo ziwepo, maana mtandao wa simu ukikatika, malipo ya simu nayo husimama.

Dakika ya kwanza

Ardhi ikitikisika, aliye ndani ya jengo imara ainame, ajifunike kichwa chini ya meza nzito na kuishikilia hadi itulie. Aliye karibu na mlango wa nyumba ya udongo ya chini, na mbele yake pana uwazi, atoke haraka na kwenda mbali na kuta. Asisimame chini ya kibaraza cha duka wala kando ya magunia. Dereva apunguze mwendo na kusimama mbali na daraja, nyaya, kingo za mlima na lori la mafuta, abaki ndani ya gari hadi mtikisiko uishe, kisha asivuke daraja kabla ya kulitazama.

Mitetemo mingine hufuata kwa saa au siku kadhaa, na ukuta uliopona mara ya kwanza unaweza kuanguka mara ya tatu. Ndiyo maana kurudi ghalani kuokoa magunia kabla jengo halijakaguliwa ni biashara mbaya kuliko zote.

Kwa mwenye muda wa saa moja tu wiki hii, kazi ziko tatu: kupiga picha daftari la madeni na kuzituma nje ya mji, kumpigia wakala wa bima na kuuliza kama tetemeko limo, na kupunguza kimo cha magunia yaliyo karibu na mlango. Mengine, kama linta na kamati ya soko, yanahitaji fedha na vikao, na mwaka unaweza kuisha kabla hayajakamilika. Hayo matatu hayahitaji kikao.